Mkono wa Kulia Kwanza

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimeanza Mwembesongo leo. Bibi ana miaka 80 na ushee. Mwenyewe hahesabu kwa miaka, husema tu kwamba wakati wa vurugu za matuta alikuwa msichana wa kutumwa maji. Kiharusi kimempiga upande wa kulia, mkono na mguu, na ulimi umekuwa mzito. Kuelewa, anaelewa yote. Mjukuu wake wa kike aliyenipokea alinisomea habari zake akiwa amesimama pale pale ubavuni pa kitanda: chakula hali, anajikojolea, usiku halali, mbishi. Bibi akitutazama, mmoja baada ya mwingine.

Nikavuta kigoda nikakaa, macho yetu yakawa sawa. "Shikamoo bibi." Marahaba ilichelewa, nami nikaisubiri. Nesi mstaafu aliyetufundisha pale parokiani alikuwa mkali kwa jambo hilo: mtu wa kiharusi usimmalizie neno, maana ukimmalizia leo, kesho hatalianza.

Sikumwogesha. Mjukuu alinitazama kwa jicho la "umekuja kufanya nini basi?" Nilimuuliza bibi mambo matatu tu: maji yawe ya moto kiasi gani, tuoge asubuhi au alasiri, na nani awepo chumbani. Mawili ya kwanza aliyajibu kwa kichwa. La tatu alilijibu kwa macho, akayapeleka mlangoni na kuyaacha huko mpaka mjukuu akatoka.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumeoga. Naandika namna yake, maana itabidi nimfundishe mjukuu nikipata nafasi.

Dirisha lifungwe kwanza, pazia lishushwe. Mpira chini ya shuka, khanga mbili: moja ya kumfunika, moja ya kukaushia. Maji ya vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko, si kwa kiganja. Kiganja changu kimezoea sufuria, hakijui moto. Uso bila sabuni. Shingo, kwapa, chini ya maziwa, maana huko ndiko jasho hulala. Fungua sehemu moja, osha, kausha, funika, ndipo ufungue nyingine, ili bibi asikae wazi kama samaki wa mnadani. Sehemu za siri kutoka mbele kwenda nyuma, kwa kitambaa chake peke yake. Na mkono uliopooza usivutwe kamwe wakati wa kumgeuza, bega huweza kuchomoka taratibu, na kurudi ni shida. Kuvaa: mkono mgonjwa huingia wa kwanza kwenye nguo, na wakati wa kuvua hutoka wa mwisho.

Hilo la mwisho lilimfurahisha. Mkono wake mgonjwa ni wa kulia, na yeye tangu utotoni huvaa kwa kuanza kulia. Alidhani nimefanya kwa kuiheshimu dini yake. Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa. Akasema, kwa vipande, "Basi... mwalimu wako... Mwislamu." Nesi yule ni mama wa WAWATA, skafu ya kanisa haimtoki shingoni.

Kitu kingine. Tulipofika kiunoni alinishika mkono kwa ule wake mzima. Nikaacha. Tukakaa hivyo, maji yakipoa. Kisha akaniuliza natoka wapi. Nyandira, nikasema, Mgeta. Mlima mmoja basi, sisi wa upande huu na wao wa Kinole upande ule. Akanipima juu mpaka chini, akasema neno ambalo lilihitaji subira kulipata: "Mke mwenza."

Nikacheka mpaka kopo likaniponyoka. Nikamjibu kwamba kama ni hivyo basi mume wetu ameniachia kazi yote na yeye amejilalia kaburini Kinole. Akacheka yeye pia, upande mmoja wa mdomo, machozi yakamtoka. Baada ya hapo mkono wake ukaniachia, tukaendelea chini bila taabu.

Binti hawezi kumtania mama yake hivyo, na mkwe ndiyo kabisa. Mjukuu anaweza, ila huyu wa kwake amezaliwa Ilala na utani wenyewe haujui.

Jumamosi, 9 Machi

Kilakala, kwa mzee. Huyu ana kisukari, macho yamefifia, miguu imeanza kufa ganzi. Anatembea kwa mkongojo, mwenyewe.

Familia inalalamika kwamba halali bila viatu, na malapa hataki kuyaona. Mwanawe mkubwa anasema ni uzee. Nimekaa naye barazani na kumwuliza habari ya viatu, basi nikapewa historia nzima. Alifanya kazi Kiwanda cha Viatu hapa hapa Morogoro, kile cha mkopo wa Benki ya Dunia, kilichojengwa kwa matarajio ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuwavalisha Wazungu kwao. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na hewa haipiti; mchana, anasema, gundi ilikuwa ikilainika yenyewe. Uzalishaji haukukaribia lengo hata mwaka mmoja. Kikafungwa mwaka 1990. Yeye kazi yake ilikuwa ukaguzi: kila kiatu aliingiza mkono ndani, akapapasa hadi kwenye vidole, kutafuta msumari uliotokeza au mshono uliokunjamana.

Bado anafanya hivyo kila anapotaka kuvaa. Nilitaka kumkumbatia. Wagonjwa wa kisukari kliniki huimbiwa wimbo huo huo: usitembee peku, papasa ndani ya kiatu kabla hujavaa, maana mguu usiosikia hukanyaga msumari tangu asubuhi hadi jioni. Nyumba nzima inamwona amechanganyikiwa, kumbe yeye ndiye pekee anayefuata masharti.

Tumekubaliana: viatu mchana kutwa, usiku soksi nyeupe za pamba zisizobana. Nyeupe ili damu au usaha uonekane asubuhi. Alipojua sababu hakubisha. Nyayo nitazikagua mimi, yeye akishika taa. Mafuta ya mgando kwenye kisigino, katikati ya vidole hapana.

Kuoga ni habari nyingine. "Wewe ni mwanangu," ameniambia. Kwa hiyo haiwezekani. Sikubishana naye.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi umeandama jana, leo ni Ramadhani mosi. Bibi anataka kufunga. Daktari amekataa, dawa za shinikizo zina saa zake. Binti wa bibi amepiga simu kutoka Dar es Salaam: "Dada, usimruhusu." Kama vile mimi ni wa kumruhusu.

Sheikh wa mtaani alikuja alasiri, mtu mpole, akamweleza kwamba mzee mgonjwa asiyetarajiwa kupata nafuu hana saumu, ana fidia: kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku anayokula. Bibi alisikiliza yote. Sheikh alipoondoka akageuza uso ukutani.

Nimekaa nalo jambo hili. Fidia imemwondolea dhambi, haikumwondolea aibu ya kula uji mchana mbele ya vitukuu waliofunga. Nimemwuliza: daku tukuamshe na wenzio? Kichwa kikageuka. Dawa atameza daku na futari. Mchana uji wake utaletwa kwenye chupa ya chai, mlango ukifungwa, na mtoto yeyote akiuliza, bibi amepumzika. Mchele wa fidia atauweka mwenyewe kwenye mfuko, kibaba kwa kibaba, kwa mkono wake.

Daktari amepata alichotaka na sheikh pia. Ulinzi wa mlango nimeuchukua mimi.

Jumatano, 13 Machi

Nilibaki mpaka futari, nione hilo la "hali chakula". Adhana ya magharibi ikasikika, mjukuu akamtia bibi tende mkononi. Mkono wa kushoto, ndio unaofanya kazi. Bibi akaitazama tende, kisha akaiachia ikaanguka kwenye khanga. Mjukuu akaniambia: "Unaona?"

Naona. Mkono wa kushoto umefanya kazi yake nyingine kwa miaka zaidi ya 80. Huo ndio wa chooni. Leo anaambiwa autumie kupeleka tende kinywani, wakati wa kufuturu, mbele ya watu.

Na kulishwa na mtu mwingine pia hataki, hufumba mdomo. Wamekuwa wakimwita mbishi tangu Januari.

Jumamosi, 16 Machi

Nimejaribu hivi. Bibi amekaa wima, mito miwili mgongoni na mmoja chini ya kiwiko cha kulia. Kijiko kimefungwa kitambaa kwenye shina kiwe kinene. Nimemtia kijiko katika kiganja cha kulia na kuvikunja vidole vyake juu yake. Kisha mkono wa kushoto ukashika kifundo cha ule wa kulia, kwa nje, na kuunyanyua. Kidevu chini kidogo wakati wa kumeza, na uji mzito, maana ule mwepesi unampalia.

Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni. Cha pili kilifika. Chakula kimefika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umebeba tu.

Bakuli moja limechukua karibu saa nzima. Mjukuu alichungulia mara tatu na kuuliza kama amlishe yeye ili tumalize. Bibi alimwambia neno moja kwa Kiluguru ambalo sitaliandika humu.

Jumatano, 20 Machi

Binamu yangu ametuma sauti ndefu kutoka Uingereza, Leeds, anakofanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Alikwenda kwa viza ile waliyoifungulia watunzaji mwaka 2022. Mume na mtoto walikuwa wanajiandaa kumfuata. Tangu tarehe 11 mwezi huu serikali ya kule imefunga mlango, mtunzaji anayeomba sasa haruhusiwi kuja na familia. Yeye aliwahi, ila bado ana hofu. Analia na kucheka katika sauti hiyo hiyo.

Nilimsimulia habari ya kijiko. Akaniambia kule kila mzee ana faili linalosema anapenda kuitwa nani, chai yake sukari ngapi, anaogopa nini, alikuwa akifanya kazi gani. Huwezi kuingia nyumba ya mtu bila kulisoma. Nikamwonea wivu. Kisha akaniambia muda anaopewa kwa baadhi ya wateja: dakika 15. Faili la kurasa nyingi, na dakika 15 za kumwamsha, kumwosha na kumpa dawa. Mimi sina faili na nina asubuhi nzima. Sijui nani kati yetu amwonee mwenzake wivu.

Nesi aliwahi kututajia profesa wa huko huko, Tom Kitwood, aliyeandika kitabu mwaka 1997 juu ya wazee wanaopotewa na akili. Alikuwa akidai kwamba sehemu ya kuharibika kwao hailetwi na ubongo, inaletwa na sisi tunaowazunguka: tunavyosema juu ya vichwa vyao, tunavyowaharakisha, tunavyowadanganya kama watoto. Nimeikumbuka orodha yake kwa sababu ya siku ile ya kwanza pale kitandani.

Jumapili, 31 Machi. Nyandira

Pasaka. Nilipanda Ijumaa Kuu kwa Noah iliyojaa hadi mlangoni, Mlali, kisha kona zile za Mgeta ambako abiria wa mjini huacha kuongea. Baridi. Kabeji zimefungana vizuri mwaka huu, bei mbaya.

Mjomba amedhoofika. Ni kaka wa mama, kwa hiyo kwa sisi Waluguru yeye ni wetu: mji wake wa uzeeni uko kwenye ardhi ya ukoo, kati ya watoto wa dada zake. Watoto wake wa kuzaa wapo ng'ambo ya bonde, kwa ukoo wa mama yao, huja na kuondoka. Huku hakuna aliyeajiriwa kumtunza. Asubuhi mpwa huyu huwasha moto, mchana yule huleta ugali na mlenda, jioni wajukuu humsukuma kwa utani mpaka anatoka nje kuota jua la mwisho. Kuoga, humwogesha mjukuu wa kiume, darasa la saba, na hutukanana muda wote kwa furaha. Wageni wa mjini wangesema mtoto hana adabu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema familia ndiyo msingi wa kumtunza mzee. Nilikuwa nikiyasoma maneno hayo kwa dhihaka, maana nimeona familia za mjini. Huku juu bado yana watu ndani yake, ila wanapungua: nimehesabu wapwa vijana waliobaki kijijini, nikaishia mkono mmoja. Wengine wako Msamvu, Kariakoo, Ifakara kwenye mpunga. Na mjomba akivunjika nyonga usiku wa masika, hospitali kubwa ni mjini, na njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka barabarani ni ya machela na mabega manne. Mabega hayo ndiyo niliyokuwa nayahesabu.

Sitaki kujidanganya kwamba kwetu ni peponi. Mjomba ana kidonda kisiginoni ambacho hakuna aliyekiona, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anakiona. Nimekiosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, nikaweka mto wa majani makavu chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie, nikamwita mpwa mmoja, mmoja tu, nikamwambia: hiki ni chako.

Jumapili, 7 Aprili

Jumuiya yetu ilikwenda Makazi ya Wazee Fungafunga na sabuni, sukari, khanga. Tuliimba, tukakabidhi, tukapiga picha. Mwenyekiti akahutubia. Kuna mzee alikuwa akichonga mpini wa jembe pembeni, hakuinua kichwa. Nilikwenda kumwamkia nikamwuliza ana haja gani. Akasema ana haja ya tupa ya kunolea na mtu wa kucheza naye bao anayejua bao. Sukari, anasema, huwa inaletwa sana Pasaka na Krismasi.

Nimemwambia mwenyekiti njiani. Ameahidi kulipeleka kwenye kikao. Tupa nitainunua mwenyewe.

Jumatano, 10 Aprili. Idd

Binti wa Dar anataka picha kila asubuhi: mama akiwa ameshaoga, amevaa, anatabasamu. Ni yeye anayelipa, M-Pesa haijawahi kuchelewa, na namwelewa. Yuko mbali, picha ndiyo macho yake. Lakini bibi hataki. Kabla ya maradhi hakupigwa picha bila ushungi na wanja, sasa mdomo umepinda. Nikiinua simu hujifunika uso kwa ule mkono mzima.

Leo simu imeita tangu saa moja: "Idd Mubarak dada, tuma picha ya mama tuweke kwenye grupu la ukoo."

Nikamsomea bibi ujumbe kama ulivyo. Akafikiri. Akaniomba simu, nikambonyezea kitufe cha sauti. Ilimchukua muda mrefu, na kimya kingi katikati. Alimtaja binti kwa jina lake la utotoni, akampa mkono wa Idd, akamwuliza kama amewapa watoto wa jirani sikukuu yao, kisha: "Uso wangu... njoo... uutazame."

Binti hakujibu hadi adhuhuri. Alipopiga alikuwa na kwikwi. Akaomba kuongea na mama, si na mimi. Picha hazitatumwa tena. Kila asubuhi bibi atatuma sauti, akipenda.

Jumanne, 23 Aprili

Masika imekaza. Mlima Lupanga hatujauona wiki nzima, na mto Morogoro unashuka mwekundu. Nguo hazikauki, shuka nazikausha juu ya jiko la mkaa.

Wekundu kwenye mfupa wa mkia. Nimeubonyeza kwa kidole, haukupauka. Hapo ndipo kidonda cha kulalia huanzia, na mtu akikawia hufika mfupani. Hatusugui palipoiva, kusugua kunachana ndani. Ubavu wa kushoto, kisha wa kulia na mto kati ya magoti, kila saa mbili, hata usiku. Mjukuu amechora saa ukutani kwa kalamu ya rangi bila kuambiwa. Amebadilika mjukuu yule. Jana nilimkuta amekaa kwenye kigoda, si amesimama.

Bibi anachukia ubavu wa kulia. Nilimweleza kwa nini lazima, kwa faida yake. Akatoa sauti ya dharau, na kutoka hapo, huku nikimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, habari ya matuta ikaanza kutoka. Niliijua kwa kusimuliwa nyumbani. Serikali ya mkoloni ilikuja na mradi wa ardhi ya Uluguru, kila kaya ichimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ili udongo usioshwe na mvua. Lakini udongo wenye rutuba ulikuwa wa juu juu tu; ukichimba ngazi unauzika na kufukua ule mbovu. Wazee walisema, hawakusikilizwa, wasiochimba wakatozwa faini. Mwaka 1955 watu wakajaa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mradi ukaachwa.

Bibi mama yake alikuwa mmoja wa wachimbaji. "Walisema," akapumzika, "faida yetu."

Nikamwuliza basi yeye angelala vipi. Akanionyesha: si ubavu kamili, nusu tu, akiegemea mto, uso kuelekea dirishani na si ukutani. Nimejaribu. Mfupa wa mkia haugusi kitu, na nyonga haibebi uzito wote. Ni mkao mzuri kuliko wangu.

Ijumaa, 3 Mei

Redio inasema kimbunga Hidaya kinakuja pwani. Huku kwetu ni mvua tu.

Kilakala. Mzee amekubali kuogeshwa na mjukuu wake wa bodaboda. Mvulana alikuwa na woga, si wa babu, wa kufanya vibaya. Tulifanya mazoezi juu ya nguo, yeye akiwa babu kwanza, ili aonje kugeuzwa na mtu asiyesema anachofanya. Aliruka. "Sema kabla ya kugusa," nikamwambia. Walipoingia bafuni mimi nilikaa barazani nikimenya chungwa. Nilisikia babu akimwita mlevi, mjukuu akimwambia babu makalio yamekwisha. Hii nayo ni kazi, na ndiyo niliyolipiwa leo.

Jirani mmoja amechaguliwa kwenye ile programu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, iliyozinduliwa Januari, wanataka watu 137,294 nchi nzima kwa miaka 5. Mafunzo miezi 6. Ananishawishi niombe. Elimu ya kinga, kutembelea kaya, rufaa: kazi njema na ina posho. Ila najua nani atabaki na beseni.

Jumamosi, 22 Juni

Binti amekuja kwa treni mpya ya umeme iliyoanza wiki iliyopita, shilingi 13,000, hata saa mbili hazijatimia. Amekuja akiwa na mpango: mama ahamie Dar, Tegeta, chumba kina choo ndani na kiyoyozi. Alinieleza mimi kwanza, sebuleni. Nikamwambia akamweleze mwenyewe, kigoda kipo.

Mimi nilibaki jikoni. Habari ya mshahara tulikuwa tumeimaliza kabla, bila haya: amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 inasema mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri asipungue shilingi 120,000 kwa mwezi, na anayelala 60,000. Ananilipa zaidi ya hapo. Nilichotaka ni Jumapili yangu na mtu wa zamu ya usiku, na nimevipata vyote. Zanzibar mzee wa miaka 70 hupata pensheni ya kila mwezi, mtu yeyote, alilima au aliajiriwa. Walianza na 20,000 mwaka 2016, sasa ni 50,000. Bibi angeishi Unguja angenilipa sehemu mwenyewe, na mtu anayelipa husikilizwa haraka zaidi. Nimemwambia binti hivyo pia.

Alitoka chumbani macho mekundu. Bibi hataki Tegeta. Hataki pia kubaki hapa bila kwenda popote. Anataka Kinole, wiki moja, akaone migomba yake na mdalasini, na shamba alilogawia binti wa dada yake kama limepandwa.

"Haiwezekani, dada, barabara ile?"

Nikasema tuulize kwanza haiwezekani nini.

Jumatatu, 24 Juni

Masika imekwisha, njia imekauka. Tunakwenda Kinole. Tutapita Bigwa na Kiroka, kwa gari ndogo ya kukodi, asubuhi na mapema kabla ya jua. Kiti cha mbele kilazwe nusu, mto wake wa ubavu, kusimama kila baada ya saa moja kumnyanyua makalio. Vijana wa machela wanne, wawili wa akiba. Mpwa wa bibi kule amethibitisha. Dawa za wiki mbili, si moja. Kadi ya kliniki. Pampasi, mpira, kopo, vitambaa vitano. Kijiko chenye kitambaa. Mjukuu anakwenda, ameomba mwenyewe. Mzee wa Kilakala ameniahidi kutokanyaga peku, na ameagiza ndizi za mzuzu.

Nimemwuliza bibi avae nini njiani. Akanionyesha gauni la kazi. Nikamwuliza ile khanga mpya aliyoletewa na binti je? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepata kiharusi.

"Ile ya kuingilia," akasema. "Tusimame... Kiroka... nibadili."

Basi Kiroka tutahitaji nyumba ya mtu, yenye mlango unaofungika. Nimempigia mpwa tena.